Mtendaji mpya, muhtasari wako uwe na kurasa ngapi?

Hilo ndilo swali ninaloulizwa mara kwa mara na watendaji wapya wa vijiji hapa Tanzania, kuhusu muhtasari wa kikao. Nimekuwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, kwa hiyo mihtasari mingi imepita mezani kwangu. Jibu langu huwa haliwafurahishi: mjadala wa saa mbili juu ya mbuzi wanaozurura unaweza kuisha kwa mistari mitatu, lakini kipande cha ardhi kilichopitishwa kwa dakika tano kinadai ukurasa mzima.

Wengi hufanya kinyume chake. Utakuta kurasa sita za "mjumbe alisimama akasema, mwenyekiti akamjibu", halafu kwenye azimio: "Wajumbe waliafiki." Waliafiki nini? Nani atalitekeleza, mpaka lini, kwa fedha ipi? Kikao kinachofuata kikifika kwenye yatokanayo, yaani kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita, kila mtu anakumbuka lake, na ubishi wa mwezi uliopita unaanza upya.

Dawa yake inaanzia kwenye ajenda. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi na mkutano mkuu wa wanakijiji kila miezi mitatu, basi mtendaji huchukua ajenda ya zamani akabadilisha tarehe tu: kufungua, kuthibitisha ajenda, muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, taarifa za kamati, mengineyo, kufunga. Mpangilio wenyewe hauna tatizo. Tatizo ni kwamba mjumbe hajui anaitiwa kuamua nini. "Suala la zahanati" halimwambii kitu. Andika "Kuamua siku za nguvukazi kwa msingi wa nyumba ya mganga", naye atakuja amekwishaongea na watu wa kitongoji chake. Kila ajenda ianze na kitendo: kupokea, kujadili, kuridhia, kuamua. Ukikosa kitendo cha kuweka, huenda jambo lenyewe halihitaji kikao.

Taarifa za kamati ndizo zinazokula muda kuliko kitu kingine. Kamati za kudumu ni tatu. Ya kwanza ni ya fedha, uchumi na mipango. Ya pili ni ya huduma za jamii. Ya tatu ni ya ulinzi na usalama. Kila mwenyekiti wake akisoma neno kwa neno, jua linakuwa utosini hamjaamua lolote. Mimi nilikuwa naomba ukurasa mmoja kabla ya siku ya kikao, na kikaoni mwenyekiti wa kamati anaeleza lile tu analotaka liamuliwe.

Halafu angalia mpangilio. Mambo mazito yaje mapema. Sheria inataka wanawake wasiwe chini ya robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, lakini ukiiweka ajenda ya ardhi mwisho, saa nane mchana, wengi wao wamekwishaondoka kwenda kuhudumia familia, na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, nayo inayumba. Watakaoamua ni wale walioweza kubaki. Baadhi ya wenyeviti wanalijua hilo vizuri sana, nawe ukiwa katibu uwe macho.

Kuhusu mengineyo sina mzaha: pasipitishwe fedha wala ardhi hapo. Ule ni mlango wa nyuma. Akitokea mtu na "kaombi kadogo ka eneo", liandike kuwa limepokelewa, lipangwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, basi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mgogoro ukifika kwenye baraza la ardhi, muhtasari wa mkutano huo utatafutwa. Hapo usifupishe hata kidogo. Taja mwombaji, ukubwa wa eneo, kitongoji, majirani wa pande zote nne, matumizi aliyoomba, waliokubali wangapi na waliopinga wangapi. Mjumbe aliyepinga akitaka jina lake liandikwe, liandike.

Karatasi ya mahudhurio nayo, kila ukurasa uwe na jina la mkutano na tarehe juu. Nimewahi kuletewa muhtasari wa kugawa shamba, na saini zilizobanwa nyuma yake ni za watu waliokuja kusikiliza habari za chanjo ya ng'ombe. Karatasi isiyo na kichwa inaweza kubandikwa popote.

Kuandika kwenyewe, jaribu hivi. Kabla ya kikao, piga mistari kwenye kauntabuku upate safu nne: namba ya ajenda, azimio, mhusika, tarehe ya mwisho. Mjadala ukifungwa, usikimbilie ajenda inayofuata. Sema, "Ndugu mwenyekiti, naomba nisome nilivyoandika." Usome kwa sauti. Watakusahihisha hapo hapo, wakiwa bado wanakumbuka, na kuthibitisha muhtasari mwezi ujao hakutachukua muda. Yatokanayo pia yanarahisika: unafungua safu zile zile na kumuuliza kila mhusika amefikia wapi.

Rasimu unaweza kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe, lakini nakala halisi, yenye saini ya mwenyekiti na yako, ikae kwenye faili la ofisi. Kwenye ubao wa matangazo bandika maazimio pamoja na mapato na matumizi. Mahudhurio yenye namba za simu za watu usiyabandike.

Na uandike ukimfikiria mtu ambaye hakuwepo. Viongozi walioingia kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 walikuta mafaili ya wenzao, na wengine wao hawana wa kumuuliza "waliafiki" ile ilikuwa na maana gani.

Imebaki hotuba ya mwenyekiti, maana hilo nalo huulizwa. Mwachie aiseme yote, usimkate mzee wa watu. Kwenye muhtasari andika: "Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi na kuwashukuru wajumbe kwa kuhudhuria." Wapo watakaonuna.