Mangi bado anakuulizia

Tabata, Dar es Salaam
Januari

Mama yangu, somo wa bibi yako,

Ujumbe wako wa juzi kutoka huko Ujerumani niliusoma saa kumi usiku nilipoamka kwenda chooni. Uliandika: "Baba, leo siku ya tatu sijafungua mdomo kuongea na mtu. Dukani nalipia kwenye mashine. Nyinyi naongea nanyi kila siku, lakini nikikata simu ndiyo nalia. Wewe Urusi ulizoea baada ya muda gani? Na nikishindwa je?" Nilianza kukujibu palepale kwa kidole kimoja, nikafuta. Nimeona nikuandikie kwenye karatasi kama zamani, mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Miezi minane. Ningeweza kusema miwili ili ulale vizuri, lakini ungefika mwezi wa tatu ukajiona mgonjwa. Nilifika Moscow mwaka 1984, pale Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile cha Patrice Lumumba, na mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa kujifunza Kirusi tu. Siku ya kwanza bwaloni nililielewa neno moja: chai. Nao wanaita chai hivyohivyo. Nikafurahi, nikadhani lugha yenyewe itakuwa nyepesi.

Na chumbani tulikuwa wanne, kwa hiyo usifikiri upweke ni kulala peke yako. Wenzangu watatu walielewana kwa Kifaransa, mimi nikawa kama kabati. Nilikuwa na redio ndogo ya masafa mafupi. Jioni najifunika blanketi gubigubi, natafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Ikinasa, niko nyumbani. Ikipotea, unabaki mluzi tu, na mimi nina hali mbaya kuliko kabla sijaiwasha.

Redio yangu ilikuwa nusu saa, tena ikipenda yenyewe. Yako ina picha, ina mama yako anakaanga samaki, ina feni inazunguka na mdogo wako anagombana na luku ya umeme, na inapatikana saa zote. Jumamosi ulikula nasi chakula cha mchana ukiwa umeegemezwa kwenye kopo la sukari. Tulifurahi, siwezi kukataa. Lakini mchana ule wa Leipzig ulipita wewe ukiwa Tabata. Barua zangu kwa bibi yako zilichukua wiki tatu, nne, na majibu yake hivyohivyo. Nikimwandikia kwamba naumwa tumbo, pole yake inanikuta nimeshapona na nimesahau. Tulilalamika sana juu ya posta. Leo naona ule uchelewaji ulinisukuma kutafuta pole kwa waliokuwa karibu. Wewe pole yako inafika machozi hayajakauka, jirani utamgongea kwa lipi?

Aliyenitoa kwenye blanketi hakuwa rafiki. Mlangoni pa hosteli alikaa bibi mmoja wa zamu, mnene, sweta la zambarau, kazi yake kutunza funguo na kukagua vitambulisho. Asubuhi moja ya Novemba nilitoka kichwa wazi. Akapiga kelele: "Shapka!" Sikuelewa, nikamsalimia. Akainuka, na kuinuka kwake ilikuwa shughuli, akanishika masikio yote mawili akayabinyabinya kama anachagua nyanya sokoni, huku akinisema maneno ambayo hadi leo sijui yalikuwa nini. Ndipo nikajua shapka ni kofia. Tangu siku hiyo kila asubuhi alinikagua. Nilipolala na homa mwezi wa pili, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, anahema, kuuliza yuko wapi yule Mwafrika wa kofia. Hatukuwahi kuwa na mazungumzo ya maana. Kirusi changu kilikuwa cha mtoto wa miaka miwili. Ila katika mji ule wote palikuwa na mtu mmoja ambaye nisipopita atajua.

Nadhani hicho ndicho ulichokikosa, kabla hata ya marafiki. Hapa ulikuwa nacho bila kukitafuta. Mangi wa dukani bado anakuulizia. Wiki iliyopita aliniuliza kama yule wa vocha na ubuyu amerudi likizo. Mama wa chapati pale kona naye hivyohivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukutembelea.

Kwa hiyo achana na ile mashine. Panga foleni kwa mtu, yuleyule, saa ileile, hata kama foleni yake ni ndefu na Kijerumani chako kinakwama kwenye kuhesabu senti. Bwaloni kwenu kaa meza ileile. Halafu chuo chako kinafundisha Kiswahili, kwenye taasisi yao ya masomo ya Afrika. Watu wanahangaika huko na ngeli zetu, "kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka", na wewe umejifungia chumbani na lugha nzima mdomoni! Nenda ukawaulize nani anataka mtu wa kuongea naye.

Kwenye picha uliyotuma niliona jina la ukoo wetu limebandikwa kwenye kengele ya mlango. Nilifurahi kama umejenga. Lakini hodi hawapigi, mwanangu, na wewe unasubiri hodi. Wenzako wa ghorofani waambie siku tatu kabla: Jumapili napika. Jumapili maduka yao yamefungwa, watu wapo ndani, hawana pa kwenda. Mchele na nyama nunua Jumamosi. Pilau. Dagaa usiwaanzie nao.

Na giza nalo lina lake. Sisi saa zetu zinaanza na jua. Saa moja asubuhi Dar mtu ameshatoka jasho. Huko mwezi huu saa moja asubuhi ni usiku, na jioni saa kumi na moja haijafika taa zimeshawashwa. Mwili unachanganyikiwa, si wewe uliyelegea. Saa sita mchana toka nje, hata kukiwa na mawingu, hata robo saa. Saa zinasogezwa mbele mwishoni mwa Machi, na katikati ya Aprili utaliona jua linazama saa mbili usiku. Mwaka wangu wa kwanza niliposhuhudia hivyo nilicheka peke yangu barabarani.

Sasa lile la kushindwa. Najua unafikiria kiwanja cha Chanika. Tulikiuza ili ubalozini waione ile akaunti ya viza yenye euro 11,904 za mwaka, na kila mwezi zinapotoka zile 992 nadhani unajiambia huna ruhusa ya kurudi. Unayo. Kiwanja kilikuwa changu, nimekiuza mwenyewe, na shingoni mwako hakipo. Ninachokuomba ni kwamba usiamue Januari. Fanya mitihani ya muhula huu, uone Aprili moja, halafu tuongee kwa hesabu. Ila ukiona usingizi umekukimbia kabisa, chakula hakipiti, au mawazo yanakwambia afadhali usiwepo, hapo usisubiri Aprili wala kesho. Nipigie usiku uleule, na asubuhi nenda kwa washauri wa ofisi ya huduma za wanafunzi hapo mjini, hawatozi. Enzi zetu mwenzetu mmoja alinyamaza, na sisi tukasema amezoea.

Kwa siku za kawaida, simu iwe Jumatano na Jumapili, saa mbili usiku za huku, saa kumi na mbili jioni za kwako. Mama yako sijamwambia bado. Atanuna, atasema nimemtupa mtoto, na kwa siku mbili tatu nitakula chakula cha baridi. Na mimi mwenyewe Jumamosi sijui nitaliangaliaje lile kopo la sukari.

Mangi nimemwambia hujarudi. Akauliza kama huko ubuyu unapatikana. Nikamwambia nitakuuliza.

Wako,
Baba