Mmea hautoi maua? Anza kwa kuchunguza usiku wake

Watu wanaoniuliza kwa nini mmea wao umenawiri majani bila hata tumba moja la ua, mara nyingi huwa wameshauongezea mbolea. Mimi huwaambia waiache kwanza. Subiri giza liingie, kisha nenda ukasimame pale mmea ulipo. Kama taa ya dirishani au ya barabarani inakuwezesha kusoma gazeti, basi majani nayo yanaiona, na huenda umepata jibu lako.

Mimea mingi hujua msimu wa kuchanua kwa kupima urefu wa usiku. Jambo hili lilianza kueleweka Marekani, pale watafiti Garner na Allard walipokuwa wakichunguza tumbaku ya aina ya Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka tu kiangazi chote bila kuchanua. Walipoiingiza katika kibanda cha giza na kuipunguzia saa za mchana, ilitoa maua kiangazi hichohicho. Walichapisha matokeo yao mwaka 1920. Mwaka 1938 watafiti wengine, Hamner na Bonner, wakaonyesha kwamba kinachohesabiwa hasa ni giza lisilokatizwa: mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku ulitosha kuzuia maua, ilhali giza fupi katikati ya mchana halikubadili chochote.

Nakaa sana kwenye habari hii kwa sababu ndiyo inayoniongoza ninapotunza poinsetia, mmea wa mapambo unaochanua usiku unapokuwa mrefu. Kila siku naifunika kwa boksi zito kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, yaani saa 14 za giza, na mchana naiweka penye mwanga mwingi. Kazi hiyo huchukua wiki 8 hadi 10. Ziba matundu yote ya boksi, na usilifunue usiku kuchungulia. Wakuzaji wa maua ya krisanthemamu, ambayo nayo huchanua usiku unapokuwa mrefu, hutumia ujuzi huohuo kwa kuugeuza: huwasha taa usiku wa manane ili maua yasitoke kabla ya wakati wanaoutaka.

Katika majuma hayo usiupukutishe mmea majani, hata kama unaona yamesongamana. Jani ndilo linalopima usiku, si ncha inayotoa ua. Mwanasayansi Chailakhyan wa Umoja wa Kisovieti alishasema katika miaka ya 1930 kwamba kuna kitu kinachotoka kwenye jani kwenda kuamsha ua, akakiita florijeni. Kwa miongo mingi hakuna aliyekipata. Mwaka 2007 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba protini iitwayo FT hutengenezwa kwenye majani na kusafiri katika mirija ya chakula hadi nchani, ambako chipukizi huacha kutoa majani na kuanza kujenga ua. Mimi naona hili ni jambo la ajabu sana.

Si kila mmea unataka giza refu. Spinachi na saladi huchanua usiku unapokuwa mfupi, kwa hiyo taa ya usiku karibu na bustani inaweza kuziharakisha zitoe maua kabla hujamaliza kuvuna majani. Nyanya nyingi hazijali urefu wa usiku. Kabichi na karoti husubiri kwanza zipitie wiki kadhaa za baridi.

Kama giza liko sawa, sasa rudi kwenye mbolea. Naitrojeni nyingi husukuma majani, na katika mimea mingi huchelewesha maua, kwa hiyo ipunguze.

Miti ya matunda iliyooteshwa kwa mbegu ni suala jingine. Ina utoto wake, na katika miaka hiyo haitachanua hata uifanyie nini. Asiyetaka kusubiri anunue mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo (kijitawi) cha mti ambao tayari unazaa, maana kikonyo hicho kimeshavuka utoto.