Walker hakuwa mtembeaji

Umeniuliza kama Walker, jina la ukoo la Kiingereza linalosomeka kama “mtembeaji”, lilitokana na mtu wa kutangatanga. Hapana ndugu yangu. Hilo ni jina la kazi. Zamani Uingereza, kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kilikuwa legelege na kimejaa mafuta ya kondoo. Kililowekwa kwenye maji pamoja na udongo maalumu na mkojo uliochacha, kisha mtu akapandisha nguo magotini akaingia kukikanyagakanyaga kwa saa nyingi mpaka nyuzi zishikamane. Ndiyo, mkojo: amonia yake ndiyo iliyokata mafuta. Huyo mkanyagaji ndiye aliyeitwa Walker.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kazi hiyohiyo ilizaa majina matatu. Kaskazini, kama Yorkshire, aliitwa Walker. Kusini mashariki Fuller. Kusini magharibi, pande za Devon na Somerset, Tucker. Ukikutana na Tucker leo, anza kuutafuta ukoo wake huko Devon.

Karne ya 12 vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuchukua kazi ya miguu, lakini jina likabaki.

Kwa wingi, Walker limo kwenye majina 20 yanayoongoza Uingereza, na Marekani limeenea sana, kwa weupe na weusi. Madam C. J. Walker, yule mfanyabiashara maarufu wa dawa za nywele, alilipata kwa mumewe. Kwa hiyo usidhani akina Walker wote ni ndugu. Kila mji wenye sufu ulikuwa na mkanyagaji wake.