Pimbi na tembo ni ndugu wa namna gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii, Karatu. Juzi mgeni mmoja aliniambia tembo ametokana na pimbi. Wenzangu walicheka, mimi nikakosa la kujibu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako alikaribia ukweli, ila hakuufikia. Pimbi si babu wa tembo, ni binamu yake. Na wa tatu wao ni nguva.

Mimi mtoto wa Kilwa. Nikiwa mdogo, wavuvi walileta nguva jike aliyenaswa kwenye jarife. Kina mama walinong'onezana, maana chuchu zake zilikuwa kifuani, nyuma ya mapezi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimepeleka wanafunzi wa baiolojia Mikumi, tulimkuta tembo akinyonyesha, chuchu zikiwa katikati ya miguu ya mbele. Nilimkumbuka yule nguva palepale. Siku hizi vinasaba navyo vinathibitisha undugu wa hao watatu.

Sasa, babu yuko wapi? Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kipindi kilichofuata, Paleosini, kilidumu miaka kama milioni 10, na visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya mamalia wa Afrika wa wakati huo ni adimu mno. Hazina kubwa iko Morocco, kwenye machimbo ya fosfeti (madini ya mbolea) ya Ouled Abdoun, karibu na mji wa Khouribga. Zamani hapo palikuwa bahari. Meno ya papa yamejaa tele, lakini mnyama wa nchi kavu hupatikana kwa bahati tu, pale mzoga wake uliposombwa na maji ukazama huko.

Humo ndimo alimotoka Eritherium azzouzorum, aliyeelezwa mwaka 2009 na mtaalamu wa visukuku Emmanuel Gheerbrant wa Ufaransa. Ana umri wa miaka kama milioni 60, na ndiye wa kale kuliko wote tuwajuao katika ukoo wa tembo. Uzito wake? Kilo 5 au 6, yaani pimbi aliyenenepa! Kilichopatikana ni vipande vya fuvu, mataya na meno, lakini meno yalitosha: magego yana vinundu vinavyoanza kuungana kuwa matuta kama ya magego ya tembo, na jozi moja ya meno ya mbele imekua kuliko mengine. Pembe za ndovu nazo ni meno ya mbele, yaliyorefuka.

Nalipenda sana jina lake la pili. Limetolewa kwa heshima ya watu wa kijiji cha Ouled Azzouz, waliookota sehemu kubwa ya visukuku vya mamalia wa eneo hilo la Ouled Abdoun. Wataalamu wangapi hukumbuka kufanya hivyo?

Mgeni akiuliza tena, msubiri pimbi apige mwayo juu ya mwamba, kisha umwonyeshe yale meno mawili marefu ya juu. Wengi hudhani ni chonge kama za mbwa. Sivyo: ni meno ya mbele, kama pembe za tembo, nayo hayaachi kukua.