Hesabu Gramu za Kileo, Usihesabu Chupa

Katika sherehe zetu za kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba kwa familia, na harusi, vijana waliokuja na magari huniuliza mara kwa mara dereva anaruhusiwa kunywa chupa ngapi. Sheria ya Uganda haizungumzii chupa. Inazungumzia kileo kilichomo ndani ya damu, na mpaka uliowekwa kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu. Ndiyo maana watu wawili waliokunywa sawasawa wanaweza kupulizia kawunyemu, kifaa cha polisi cha kupima kileo kwa pumzi, mmoja akaruhusiwa kuendelea na safari, mwenzake akashushwa garini.

Mimi nimezoea kuanza na lebo. Bia ya Nile Special ya mililita 500 ina asilimia 5.6 ya kileo, yaani mililita 28 za kileo halisi, na kwa kuwa mililita moja ya kileo ina uzito wa takriban gramu 0.79, chupa hiyo inabeba gramu 22. Uganda Waragi, pombe kali ya chupa, ina asilimia 40. Mililita 100 tu za waragi, ambazo ndani ya glasi huonekana ni kidogo sana, zina gramu zipatazo 32, karibu sawa na chupa moja na nusu ya bia ile. Kuongeza soda hulainisha ladha, lakini gramu zinabaki zilezile.

Baada ya gramu unatazama mwili. Mwanasayansi wa Uswidi, Erik Widmark, alituachia kanuni ambayo bado inatumika: zidisha uzito wako wa kilo kwa 0.68 ikiwa wewe ni mwanamume, au kwa 0.55 ikiwa ni mwanamke, kisha gawanya gramu za kileo kwa jibu hilo na uzidishe kwa 100, upate miligramu katika kila mililita 100 za damu. Mimi nina kilo 70, hivyo chupa mbili za bia hiyo zinanipeleka kwenye miligramu 92 hivi. Dada yangu mwenye kilo 60 anafika 133 kwa chupa hizohizo mbili, kwa sababu kwa kawaida mwili wa mwanamke una sehemu ndogo zaidi ya maji ambamo kileo kinaweza kuenea. Nimeona wanawake wengi wakihimizwa mezani kwenda sambamba na waume zao, na jambo hilo hunisikitisha. Haya ni makadirio, na miili hutofautiana. Mtu asiyatumie kutafuta nafasi ya kunywa hadi ukingoni mwa sheria.

Linalosahaulika zaidi ni muda. Ini huondoa kileo polepole, kwa wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, na hakuna kinachoweza kuliharakisha, iwe kahawa, maji baridi ya kuoga au mchuzi wa moto. Chakula kilicholiwa kabla husaidia kwa namna nyingine: huchelewesha kileo kuingia kwenye damu, kwa hiyo kilele kinakuwa chini. Sasa fikiria mtu wa kilo 70 aliyeanza kunywa saa mbili usiku, akamaliza chupa tano za bia ile, akalala, na saa kumi na mbili asubuhi anawasha gari kurudi Kampala kutoka Mbarara. Alianza na deni la miligramu 231. Saa kumi zimempunguzia 150. Amebaki na 81, na yeye anaamini kwamba usingizi umemaliza kila kitu.

Hesabu hii yote inategemea lebo, na vinywaji vyetu vingi havina. Ajono, pombe ya ulezi, hunywewa kwa mrija kutoka chungu kimoja huku maji ya moto yakiongezwa kila mara, na hakuna aliyekizunguka anayeweza kusema amevuta kiasi gani. Tonto, pombe ya ndizi, hubadilika nguvu kadiri inavyokaa. Waragi ya kienyeji ni hatari zaidi, kwani nguvu yake hutofautiana kutoka mtungi hadi mtungi, na huenda ikawa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mwaka 2010 watu wengi walipoteza maisha Kabale kwa waragi ya namna hiyo. Penye ajono au tonto, mimi humkabidhi funguo asiyekunywa kabla sijashika mrija, nami siendeshi hadi mchana wa siku inayofuata. Waragi isiyo na lebo siigusi kabisa.