Gombe: mabonde, mvua na ziwa (majibu kwa wasomaji)

Shikamoo. Nimezaliwa Mwanga, Kigoma, lakini sijawahi kukanyaga Gombe. Bajaji inafika?

Marahaba, mwanangu. Haifiki, hakuna barabara. Hifadhi iko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, na njia ni Ziwa Tanganyika. Teremka Kibirizi, panda boti ya abiria, ukae upande wa kulia uione milima inavyoshuka mpaka majini. Boti hizo husimama vijijini, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kilomita za mraba 56 tu, mbona kuna msitu mzito na vilima vya nyasi tupu?

Swali zuri sana hili. Gombe ni ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, nao ukingo wa juu unapita mita 1,500, na kutoka ufukweni hadi huko ni kilomita chache mno. Vijito vinavyoporomoka kutoka juu vimechimba mabonde: Kakombe, Mkenke, Mitumba. Chini ya bonde kuna kivuli na unyevu, ndiyo maana msitu hubaki kijani hata kiangazi. Panda mgongo ulio kati ya bonde na bonde: udongo mwembamba, jua kali, ni miombo, juu kabisa nyasi. Sokwe huzunguka humo wakifuata matunda yanayoiva.

Vijito hivyo vinaanzia juu, na ng'ambo ya ukingo, upande wa mashariki, ni mashamba na makazi ya watu. Miti ikiisha kule, mvua hubeba udongo na vijiji vya chini ndivyo vinavyoumia kwanza. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, wa kupanda miti na kutoa elimu vijijini, ulioanza 1994, uliwaendea wanavijiji wenyewe, na kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia.

Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa?

Ilikuwa. Tangu 2013 ni Kisiwa cha Saanane, Mwanza.

Huku Nzega Oktoba joto hukausha koo. Nilipokuja Kigoma mwezi huohuo nililoa jasho. Kwa nini?

Ni ziwa, ndugu yangu. Tabora ni uwanda wa juu ulio mbali na maji makubwa: ardhi hupata moto upesi na kupoa upesi, ndiyo maana usiku wa Juni mnajifunika blanketi. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, hutunza joto na kuijaza hewa mvuke. Mchana upepo hutoka ziwani. Usiku hushuka kutoka milimani.

Natoka Tanga. Nije masika au vuli?

Huku hatugawi hivyo. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, pengine Mei. Wakati wa mvua sokwe hawaendi mbali, huonekana kwa urahisi zaidi, ila miteremko huteleza. Julai hadi Oktoba ni pakavu na picha hutoka vizuri. Ningekuwa wewe ningekuja Novemba, milima inapoanza kuchipua, na viatu vinavyoshika tope.