Uyoga na majira: masika fungua madirisha

Tangu mvua zianze, maswali ya uyoga yamekuwa mengi kuliko ya mahindi. Haya machache ni ya uyoga mamama (oyster), isipokuwa la mwisho.

Uyoga wangu unatoa shina refu na kofia kama kifungo cha shati. Nanyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni. Nakosea wapi? (Morogoro)

Shida si maji, mama, ni hewa. Mvua ilipoanza ukashusha turubai na kufunga madirisha, sivyo? Uyoga unapumua kama sisi. Hewa ukaa ikijaa bandani, shina linarefuka na kofia inadumaa. Fungua madirisha ya juu na ya chini asubuhi na jioni, ila uyawambe wavu ili inzi wasiingie kutaga.

Maji nayo punguza. Kabla ya kushika bomba, weka kiganja kwenye mchanga wa sakafuni. Ukiwa bado na ubaridi wa unyevu, ondoka zako. Kofia zikilala na maji bila kukauka, bakteria wanaingia: zinapata madoa ya manjano, kisha utelezi, kisha harufu. Mwaka wangu wa kwanza nilitupa mavuno ya wiki nzima kwa sababu nilinyunyizia kwa kufuata saa. Kiangazi ndipo utanyunyizia hata mara tatu nne, tena ukutani na sakafuni zaidi kuliko kwenye uyoga wenyewe.

Mifuko miwili imeota ukungu wa kijani. Nikwangue? (Kibaha)

Usithubutu! Ukikwangua unarusha vumbi lake kwenye mifuko mizima. Itoe hiyo miwili taratibu, ukaifukie mbali na banda.

Halafu jiulize kuhusu mabua uliyojaza kwenye mifuko. Yaliyonyeshewa shambani huja na ukungu wake, ndiyo maana mimi hununua ya kiangazi nikayaweka stoo. Yakishachemshwa na kupoa, chukua konzi moja ukamue kwa nguvu. Matone mawili matatu yanatosha. Maji yakitiririka, tandaza mabua kivulini kwanza kabla ya kuweka mbegu.

Kipupwe hiki utando mweupe haujafika chini ya mfuko, na ni wiki ya tano. Mbegu zimekufa? (Lushoto)

Kama unasogea, hata kidogo, zi hai. Utando huo ndio uyoga wenyewe unaokua kutoka kwenye mbegu, nao hukimbia kwenye nyuzi joto 25 hivi. Kwa baridi ya huko unatambaa. Isogeze mifuko karibu karibu kwenye chumba kisichopitisha upepo, uvumilie. Lakini jiko la mkaa usiingize: kwenye chumba kilichofungwa litakuua wewe kwanza.

Nikivuna nakohoa siku nzima. (Arusha)

Unachelewa kuvuna, ndugu yangu. Kofia ikishakunjuka kingo zikatazama juu, inamwaga vumbi jeupe, na hilo ndilo unalovuta. Vuna kingo zikiwa bado zimeinama, na uvae barakoa. Kikohozi kisipoisha, nenda hospitali.

Niko Iowa, Marekani. Nimepandikiza shiitake, uyoga unaoota kwenye miti, kwenye magogo ya mwaloni. Theluji ikija niyaingize ndani? (Msomaji wa ughaibuni)

Yaache nje. Baridi haiui shiitake, ukavu ndio unaoiua, na nyumba yenye hita itayakausha magogo yako kama kuni. Yalaze karibu na ardhi, kivulini, mahali pasipo upepo mkali. Theluji ikiyafunika, umepata blanketi la bure.

Mavuno usiyatarajie haraka. Huchukua miezi 6 hadi 18 tangu kupandikiza. Utando mweupe ukijitokeza kwenye ncha za gogo na baridi kali ikiwa imepita, liloweke kwenye pipa la maji baridi saa 12 hadi 24, kisha liegemeze kivulini. Uyoga utachomoza ndani ya wiki moja au mbili. Ukivuna, lipumzishe wiki 6 hadi 8 kabla ya kuliloweka tena. Na ulibebe kwa adabu, maana gome likibanduka, gogo linaanza kukauka.